Mkwaruzo Chini ya Kiraka

Bwana Mhariri, jina langu usilichapishe, na majina ya watu humu nimeyabadilisha. Nina miaka thelathini na mmoja, nimetoka magharibi, nina mke na binti mmoja. Tunakaa Spring Valley, mtaa wa Wazungu, chumba cha nyuma, kwa Bwana ambaye mke wangu anamlelea watoto. Bwana huyo huyo ndiye fundi mkuu wangu kwenye banda la ndege. Kazi yangu, kazi ya mke wangu na chumba tunacholala, vyote viko mkononi mwake, na mkono huo siku hizi nikiuona umeshika kikombe cha chai nataka kutapika.

Mimi ni wa bati. Ndege hizi kubwa hujazwa hewa ndani ili abiria wapumue vizuri huko juu, basi bati lake huvimba kidogo na kunywea kila safari. Likiharibika tunapiga kiraka kwa ribiti, vile vijisumari vya kugongwa pande mbili. Kabla ya hapo lazima ubandue gundi ya zamani, na gundi hubanduliwa kwa kijiti cha mti, si kwa chuma. Kila mtu bandani anajua hilo. Chuma kikikwaruza bati, siku moja mkwaruzo utakuwa ufa, na bati likipasuka huko juu hakuna atakayerudi kusimulia.

Jumatatu moja nilichoka na kijiti. Gundi ilikuwa imeganda kama ukoko wa ugali, nikachomoa kisu changu. Kazi ikaenda upesi sana. Nilipofuta vumbi nikaona mstari, mrefu kutoka kiwiko changu hadi vidole, kando ya mashimo ya ribiti. Nikapitisha ukucha, ukanasa.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Bwana. Hilo naomba mlikumbuke. Akaja, akapitisha ukucha wake, ukanasa vilevile. Bati lile lilitakiwa kukatwa lote, kazi ya siku tatu, na ofisi ilikuwa inaisubiri ndege. Akalamba kidole, akachota gundi mpya, akaipaka juu ya mkwaruzo taratibu kama anayepaka mkate siagi. Wenzangu, ambao hawakuuona, wakaitwa tukapiga kiraka juu yake, rangi ikapita. Kisha akanigeukia.

"Wewe naona nini hapa?"

"Hapana ona kitu, Bwana."

"Muzuri." Akatia sahihi kwenye karatasi za ndege, akaenda kunywa chai.

Kesho yake mke wangu akaniuliza, "Baba Nekesa, kwani hiyo ndege iko na nini? Bwana amekataa Memsabu na watoto wasiende Ulaya nayo. Anasema wapande treni mpaka Mombasa, halafu meli. Memsabu amelia, na masanduku yote nimefungua tena."

Kinywa kilinijaa mate machungu. Watoto wake wapande meli, watoto wa wenzake wapande gundi! Nilitema nje ya mlango, mke wangu akadhani naumwa.

Jumatano ndege ilipangiwa kujaribiwa angani. Desturi ya banda letu, mmoja wa waliopiga kiraka hupanda, akakae karibu nacho na kusikiliza kama hewa inavuja. Zamu ilikuwa yangu. Nikashika tumbo, nikasema naharisha. Akaitwa Mutua, Mkamba ninayekula naye sahani moja kila mchana.

"Pole sana, ndugu yangu! Lakini hii tumbo yako imeniletea bahati. Leo naona Ukambani kutoka juu!"

Nilimwacha apande. Nilijificha nyuma ya mapipa ya mafuta nikimwomba Mungu, mimi niliyekuwa namtemea Bwana mate jana yake. Ndege ikarudi salama. Mutua akaja mbio.

"Nimeona Machakos yote! Na hewa haivuji hata kidogo. Kiraka yetu iko na nguvu!" Alikuwa amepewa peremende mbili, zile za kumumunya masikio yasizibe. Moja alikula, ya pili akanipa. "Hii ni ya Nekesa."

Binti yangu aliila jioni amekaa mapajani pangu, akalamba na karatasi. Nilijiona nanuka. Bwana angalau aliwaondoa watoto wake. Mimi nilimpandisha rafiki yangu.

Ndege sasa inabeba abiria kila Alhamisi, inavimba na kunywea, na mkwaruzo uko pale pale chini ya kiraka. Mkaguzi wa serikali anakuja mwisho wa mwezi. Nikisema, kisu ni changu, na neno langu litashindana na la Bwana. Siku hiyo hiyo mke na mtoto watalala nje. Nikinyamaza, mnajua kitakachotokea.

Ndugu wasomaji, nipeni shauri msinionee haya. Wiki ijayo ndege hiyo inarudi bandani, itajaribiwa tena, na Mutua ameshaniomba nimwachie zamu yangu. Nimjibu nini?