Taa za Okito Zilizozama Darini

Okito alizaliwa kijiji cha Tunda, huko Kongo, akafikishwa mjini Kindu na mpunga. Mama yake aliulima, akautwanga, akauuza, mpaka mwana akamaliza shule ya misheni na kuwa karani wa stesheni. Alipopewa nyumba ya matofali yenye umeme, alimleta mama huyo akae naye. Mpaka hapo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Kilichomharibu ni ile kadi. Miaka hiyo ya hamsini Wabelgiji walikuwa wakimpa kadi Mwafrika waliyemwona amestaarabika, na kabla ya kumpa walikuja nyumbani kumkagua. Mnakula mezani? Kwa uma? Mke anajibu Kifaransa? Watu wazima walichunguliwa mpaka chooni, nao wakashukuru.

Okito aliitaka kadi hiyo mpaka akakosa usingizi. Kwa mkubwa wake wa kazi alikuwa ameona taa zilizofichwa ndani ya dari, hazining'inii, unaona mwanga tu. Basi akamwita Assani, fundi wa umeme. Assani aling'oa taa ya sebuleni, ile ya kofia la bati iliyoning'inia kwenye waya, akatoboa mbao za dari matundu ya mviringo, akazamisha humo makopo ya maziwa aliyoyasugua yakameta, kila kopo na balbu yake.

"Bwana Okito, mwangaza itashuka mezani tu," Assani alionya. "Kwenye pembe itakuwa giza."

"Njo vile ninataka," Okito alijibu. Ndivyo hasa alivyotaka.

Kwenye pembe ndiko kilikokuwa kiti cha mama yake. Jioni alizoea kukaa pale akichambua mchele, miguu peku, chale za kikwao usoni, bila neno hata moja la Kifaransa. Okito alijiambia kwamba hakukifikiria kiti hicho. Uongo mtupu, alikifikiria tangu mwanzo. Mke wake, Joséphine, alimtazama, na Okito akaona haya, lakini hakumzuia fundi.

Wakaguzi walikuja jioni, mzungu mmoja na msaidizi wake. Uma zilisifiwa, taa zikasifiwa zaidi. Kahawa ilipokwisha, mzungu alisimama ili aage, akajikwaa kwenye miguu ya mtu gizani.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa Kiswahili.

Okito alifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, hata mtoto anayetambaa analijua. Halikutoka.

Mama alimtazama mwanawe usoni, kisha akainuka polepole.

"Miye njo mupishi wao, Bwana."

"Vizuri," mzungu alisema, akampa Okito mkono wa kwaheri.

Wageni walipotoka, mama alikusanya vikombe vyao kwenye sinia, akaelekea barazani kuviosha. Okito alimfuata. Moyo ulikuwa ukimsuta hata akashindwa kumtazama machoni. Alitaka kuomba msamaha, akaishia kuishika ile sinia.

"Mama, wacha. Joséphine atafanya."

Mama hakuiachia.

"Bale bageni bado habajafika mbali, mutoto yangu," alinong'ona. "Bakigeuka, bataona unasaidia mupishi."