Indwi ya Leonia

Mwalimu Japhet aliletwa kutoka Singida wakimbizi wakiwa wamejaa Kigoma, naye akawa anamshuku kila mtu kuwa mkimbizi wa Burundi. Hesabu za kidato cha pili alizirudia kwa mchezo: makundi mawili, mpira wa matambara, anayeudaka anajibu.

Binti yangu Leonia akaudaka.

"Namba gani, ukiizidisha kwa tatu na kuongeza tano, unapata ishirini na sita?"

Kwa haraka Kiha chetu kikamtoka: "Indwi!" Ni saba, na Warundi nao huitamka hivyo hivyo.

"Mrundi wewe! Toka, rudi kambini!"

Leonia aliponiambia, nikaacha dagaa wangu sokoni Kibirizi, nikamfuata mwalimu darasani na harufu yangu yote. Shikamoo sikumpa, kwa umri wake ni wa kumtuma sokoni.

"Mwanangu kazaliwa hapa hapa Bangwe, mwalimu. Kambi gani hiyo?"

"Mama, toka, tunacheza."

Akamrushia Meshack mpira. "Tisa mara sita?"

"Indwi!"

Akamrushia Evaline. "Indwi!" Darasa zima, swali lolote, indwi tu. Angefukuza wangapi?

"Leonia, ingia," mwalimu akanong'ona.

"Na pointi yake?" nikauliza, nikikaa dawati la mbele.

Akaiandika ubaoni, pua kaziba.