Muuza vitabu vya bustani aliyemsaka 'Nekesa wa sungura'

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai ingali imeukaba mji wa Kitale, na Gladwell Wakonyo anakitazama kitabu kilicho mapajani mwake kama mtu anayekitilia shaka.

Amekaa kwenye kibao chake barazani, nje ya duka la mbegu. Mbele yake ametandaza nailoni nyeusi, na juu ya nailoni hiyo vimejipanga vitabu vikuukuu vya waridi, vya mboga, vya miti ya matunda, vya magugu. Kidole chake kimesimama kwenye picha ya ua. Anasoma jina lililo chini ya picha, anahamia maandishi ya ukurasa wa pili, kisha anarudi kwenye picha. Anafanya hivyo tena.

Mwalimu mmoja wa kike anainama na kukishika.

"Hiki ni pesa ngapi, mama?"

"Hicho bado."

"Bado aje na kiko hapa?"

"Sijakimaliza, mwalimu. Pitia Jumatatu."

Mwalimu anacheka akidhani muuzaji amenogewa na hadithi. Gladwell hacheki. Anangoja mwalimu avuke barabara, kisha anarudisha kidole chake kwenye lile ua.

"Afadhali ninunue sukuma wiki ya mkopo jioni kuliko nikose usingizi," anasema. "Usingizi nilishaukosa. Najua vile unauma."

Gladwell, mwenye umri wa miaka 52, amekuwa akiuza vitabu vya bustani na mimea kwa karibu miaka kumi. Biashara hii hakuichagua. Marehemu mumewe, Kagwe, alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja nje ya mji. Mzungu alipouza shamba na kuondoka, alimwachia Kagwe sanduku la vitabu, akisema hizo ndizo ahsante zake.

"Nililia," Gladwell anakumbuka. "Nilimwambia mzee, sasa tutapika hizi karatasi?"

Lakini vitabu viliuzika. Wenye hoteli walitaka vya maua, vikundi vya akina mama vikataka vya mboga, walimu wakataka chochote chenye picha. Vilipokwisha, Gladwell alianza kununua vingine kwa Wanyoike, mzee anayezunguka kwenye nyumba za zamani akikusanya magazeti, chupa na vitabu. Vingi humfikia vikiwa vimechanika. Yeye huvishona kwa uzi wa viatu na kubandika karatasi zilizobanduka kwa gundi anayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Siku njema huuza vinne. Siku nyingine hukunja nailoni yake na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Gundi hiyo ndiyo iliyomtia mashakani.

Mapema mwaka huu, Wanyoike alimletea kitabu kinene kuhusu mimea ya nyumbani. Maandishi yake yalikuwa mazima, lakini picha zake zilikuwa zimechomoka zote na kutiwa kwenye bahasha. Majina yalikuwa kwenye kurasa, si kwenye picha. Gladwell alikaa nazo jioni moja, miwani yake ikiwa imevunjika mkono, akazibandika moja moja akifuata maelezo.

Mbili zilimsumbua. Zote zilikuwa na majani mapana yenye manyoya, na maua ya zambarau yaliyoinama kama vikengele. Moja ilikuwa ya mmea uitwao mabaki, yale majani ambayo wafugaji wa Mkoa wa Kati hulisha sungura na nguruwe.

"Mabaki naijua tangu utoto," anasema. "Lakini naijua ikiwa imekatwa, iko kwa kikapu. Maua yake sijawahi kuona. Kwetu ilikuwa inakatwa kabla itoe maua."

Alichagua. Akapaka gundi, akafunga kitabu, akakiwekea jiwe juu ili kikauke.

Mnunuzi alikuwa mwanamke mchangamfu kutoka Bungoma aliyekuja Kitale kwa mazishi. Alisema anaitwa Nekesa, na kwamba anafuga sungura. Alipofika ukurasa wa mabaki, alifurahi kusoma kwamba sungura huyapenda, na kwamba wazee wa zamani walikunywa maji yake kwa ajili ya magoti.

"Mzee wangu goti inamsumbua sana," alisema. "Hii mmea naweza kupata wapi?"

Gladwell aliiangalia ile picha. Akakumbuka kwamba maua kama hayo yamo kwenye ua wa nyumba moja ya zamani, karibu na kanisa. Alimwonyesha njia kwa kidole. Mtunza bustani wa nyumba ile, ambaye kwake hayo yalikuwa maua tu, alimng'olea miche mama huyo, naye mama akaondoka nayo kwenye mfuko.

"Mimi ndiye nilimtuma," Gladwell anasema. Anarudia: "Mimi, kwa mdomo wangu."

Juni ilipofika, Wanyoike alileta gunia jingine. Ndani yake mlikuwa na kitabu kile kile, nakala nyingine, hii ikiwa nzima tangu jalada hadi jalada. Gladwell alikifungua kwa furaha, ili tu aone kama kazi yake ya gundi ilifanana na ya kiwandani.

Kwenye ukurasa wa mabaki palikuwa na picha nyingine. Ile aliyoibandika yeye ilikuwa mbele zaidi, mkabala na onyo lililosema kwamba ua hili ni la kupamba tu, majani yake yana sumu inayoshambulia moyo, na kwamba watu wamekufa kwa kuyadhania mabaki.

"Gladwell, ni nini?" Wanyoike aliuliza. "Umekuwa mweupe."

Alimweleza. Wanyoike akakuna kidevu.

"Wacha, bana. Watu wananunua kitabu wanazibia dirisha. Nani alikwambia amepanda?"

"Na kama amepanda?"

"Basi ni miezi imepita. Kama ni mbaya imeshakuwa. Utaenda kujipeleka kwa polisi?"

Gladwell anakiri kwamba maneno hayo yalimwingia. Aliuza vitabu siku nzima. Kila mwanamke aliyepita na leso ya kijani alimfanya ainue kichwa, kwa kuwa mnunuzi yule alikuwa amejifunga leso ya kijani. Kesho yake alimwachia Wanyoike nailoni na vitabu, akapanda gari la kwenda Bungoma. Alichokijua ni vitu viwili tu: mama yule aliitwa Nekesa, na alifuga sungura.

Sokoni Bungoma, muuza ndizi alimcheka.

"Nekesa gani, mama? Hapa kila boma iko na Nekesa. Hata mimi ni Nekesa!"

Alizunguka soko zima. Alielekezwa kwa Nekesa fundi cherehani, kwa Nekesa muuza omena, kwa Nekesa aliyekuwa amehamia Webuye. Jua lilipofika utosini ndipo akili yake ilipotulia, akaacha kuulizia jina, akaulizia sungura. Wakamwelekeza kwenye mkahawa wa mzee Mukhisa, anayepika nyama ya sungura.

"Ah, Edinah! Nekesa wa sungura," Mukhisa alisema. "Huyo ni mtu wangu. Lakini wiki hii hajaniletea. Bwana yake, Makokha, ni mgonjwa sana."

"Anaugua nini?"

"Wanasema malaria. Anatapika tu. Hata macho, ati anaona vitu rangi ya mahindi ya njano."

Gladwell anasema hakumbuki alivyotoka mkahawani. Anakumbuka mgongo wa mwendesha bodaboda ya baiskeli, na baiskeli hiyo ikigonga mawe kuelekea Kanduyi, naye akimhimiza akanyage zaidi hadi kijana wa watu akamwuliza kama anafukuzwa.

Bomani hapakuwa na mtu. Nyuma ya nyumba, kando ya vibanda vya sungura, aliiona. Safu ya mimea ilikuwa imenawiri, imepaliliwa vizuri, na majani ya chini yamechumwa kwa uangalifu kama ya mtu anayeithamini dawa yake. Ndani ya vibanda sungura walikuwa hai. Majani yale yale yalikuwa yamelala sakafuni mwao, makavu, hayajaguswa.

Jirani, Joan, alichungulia juu ya ua wa michongoma.

"Unatafuta wenye boma? Wamempeleka mzee hospitali asubuhi. Alianguka akienda choo."

Gladwell aling'oa shina moja na mizizi yake, akalifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akarudi kwenye baiskeli.

Alimkuta Edinah kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Kando yake palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya chai. Edinah alimtazama kidogo kabla ya kumtambua.

"Mama wa vitabu! Na wewe uko na mgonjwa hapa?"

"Dada, hiyo chupa iko na nini?"

"Ni chai yake ya yale majani. Nangoja aamke nimpe."

"Leo amekunywa?"

"Bado."

Gladwell aliishika ile chupa kwa mikono miwili. Edinah, akidhani anasaidiwa, aliiachilia. Hapo ndipo Gladwell alipomwambia, akiwa amesimama, kitambaa chenye mmea kikidondosha udongo kwenye viatu vyake. Alimwambia juu ya picha, juu ya gundi, juu ya nakala ya pili. Edinah alisikiliza bila kupepesa.

"Alikuwa anakunywa kikombe kimoja cha goti," hatimaye Edinah alisema. "Akaanza kutapika. Nikaona dawa haijamshika vizuri. Nikamwongezea. Kila akitapika mimi naongeza."

Kisha akapiga yowe lililowatoa wauguzi ndani.

Daktari wa zamu, Kemboi, alikuwa amekwisha kushuku jambo. Mapigo ya moyo ya mgonjwa yalikuwa yamepungua kupita kiasi, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Asubuhi alikuwa amemwuliza Edinah kama mzee ametumia dawa yoyote ya kienyeji, naye Edinah akajibu hapana, kwa kuwa machoni pake ile ilikuwa chai. Kemboi alipoliona lile shina na kusikia habari yake, hakupoteza muda na lawama.

"Sasa najua napigana na nini," alisema. "Hiyo chupa usimwage. Nipe mimi."

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Ndugu za Makokha walifika mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefika alielezwa upya huku wakimnyooshea kidole mwanamke aliyekaa peke yake mwisho wa benchi. Mmoja alitaka polisi waitwe. Mwingine aliuliza ni nani amemtuma Mkikuyu huyu kutoka Kitale kuja kumaliza watu wao. Gladwell alibaki pale pale kwenye benchi. Anasema aliogopa, lakini aliogopa zaidi kuondoka.

Jioni Edinah alimjia. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Enda nyumbani," alimwambia. "Akifa, nitajua pa kukupata. Akipona, pia nitajua."

Siku zilizofuata Gladwell alikaa barazani bila kuuza. Hakuwa na nambari ya simu ya mtu yeyote Bungoma, na hakuna mtu Bungoma aliyekuwa na yake. Kila gari lililotoka upande ule alilisimamia akitazama wanaoshuka. Wanyoike alimletea chai ikapoa. Jumapili alishindwa kuketi kanisani, akatoka kabla ya mahubiri na kurudi Bungoma.

Alimkuta Makokha ameketi kitandani akila uji, amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Edinah alikuwa ameshika kikombe.

"Ni huyu?" Makokha aliuliza.

"Ndiye."

Mzee alimeza, akamtazama mgeni juu hadi chini.

"Sungura walikataa," alisema. "Kila siku nawaambia watu wangu, wale sungura wamekataa, na mimi ninakunywa. Nani mjinga hapo?"

Hakuna aliyejua kama ilifaa kucheka. Gladwell alianza kuomba msamaha, lakini Makokha akainua mkono.

"Hiyo ya msamaha ngoja kwanza nipate nguvu. Sasa hivi sina ya kukupa."

Mpaka leo hajampa. Ameruhusiwa kurudi nyumbani, ingawa Kemboi amemwonya asishike jembe kwa sasa, na amewaambia wote wawili kwamba hata mabaki yenyewe yawe ya mifugo, yasinywewe. Mimea ile Edinah aliing'oa na kuichoma. Kitabu amekataa kukirudisha. Alimfanya Gladwell aandike kwa kalamu nyekundu juu ya picha zote mbili, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu alichomtajia mwenyewe neno kwa neno, ipi ni ipi.

Sasa Gladwell hauzi kitabu chenye picha kabla hajakisoma chote, jani kwa jani. Wateja wengine wamechoka kusubiri na wamehamia kwa wauzaji wa kituo cha magari. Mapato yake, anasema, yamepungua karibu nusu.

Lakini kinachomkosesha raha si hicho. Msimu ule aliokuwa na miwani mbovu alibandika picha za kitabu kingine, cha uyoga na mboga za porini. Kilinunuliwa na mwanamke aitwaye Jepkosgei, aliyesema anatoka Saboti, juu karibu na msitu. Nakala ya pili ya kitabu hicho Gladwell hajaipata, kwa hivyo hawezi kujua kama alikosea au la.

Tangu hapo ameulizia mara mbili kwa wanaoshuka sokoni kutoka Saboti. Mmoja alimwambia kwamba Jepkosgei wa kule juu amehama na watoto wake kwa hofu ya vurugu za kugombania mashamba, pengine kuelekea Cheptais. Mwingine alisema bado yupo.

Jumamosi hii Gladwell atafunga biashara na kupanda huko mwenyewe. Amekwisha kumwomba pasta wake barua ya kumtambulisha, asije akashukiwa huko juu, na ameazima mabuti ya mvua.

"Pengine nilibandika vizuri," anasema, akifuta miwani yake mipya kwa pindo la sweta. "Pengine nitamkuta anapika, ashangae, aniulize kwa nini nimepanda mlima kwa sababu ya kitabu. Nataka anicheke. Nataka tu nifike mlangoni, nibishe, na yeye mwenyewe ndiye afungue."