Ubao wa Mama Chanuo

Mama Chanuo alikuwa msusi tangu hajaolewa, na kazi yake aliifanya kwa kusimama. Saluni yake ilikuwa na viti viwili na kikaushio kimoja chenye kelele kama mashine ya kusaga. Wateja walikaa. Yeye alisimama nyuma yao, mikono juu, akisikiliza habari za ndoa zisizomhusu.

Jumapili moja, kando ya ziwa na mumewe, aliona mama wa makamo amesimama juu ya ubao mpana, kasia mkononi, akiteleza majini polepole kama mtu anayekagua shamba lake. Hakuwa mwanariadha. Alikuwa na kitambi cha kawaida na kofia iliyokaa upande. Mama Chanuo alimtazama mpaka akapotelea nyuma ya matete.

"Na mimi nataka kama ule," akasema.

Kosa lake lilikuwa kulisema hilo kwa sauti. Kabla wiki haijaisha kila mtu alikuwa na maoni. Mteja mmoja, kichwa kikiwa ndani ya kikaushio, alipaza sauti kwamba anunue ubao mfupi, maana mkwewe anao na anarukia nao mawimbi.

"Ziwa letu lina mawimbi?"

"Hilo sijui. Lakini chukua mfupi."

Mumewe naye, kwa nia njema kabisa, alirudi nyumbani na boya la watoto lenye kichwa cha bata. "Si linaelea?" akajitetea.

Lakini aliyemchosha kuliko wote ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, karani wa bima ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia. Uinjinia hakuusomea. Jina alilipata kwa sababu hakuna kitu kilichoharibika mbele yake asijue sababu, na hakuna alichokigusa kikapona.

"Shemeji, hili niachie mimi," alisema. "Ubao ni mrefu na mwembamba, unaokata maji. Ile mipana ni ya wazee."

"Kwani mimi nani?"

"Wewe bado binti, shemeji."

Akamfuata mpaka dukani. Muuzaji, dada mpole mwenye miwani juu ya kichwa, aliuliza mambo yake kwa utaratibu: mama amewahi kupanda? Anajua kuogelea? Atautumia kwenye maji gani? Nyumbani atauweka wapi? Kila swali lilijibiwa na Injinia. Walipofika kwenye uzito, akafungua kinywa tena.

"Thubutu," Mama Chanuo akasema.

Akautaja mwenyewe, kwa sauti ya chini, akipunguza kidogo. Muuzaji hakucheka. "Mama, utanisamehe. Mimi unaweza kunidanganya, ubao haudanganyiki. Nitajie ule wa kweli."

Akautaja wa kweli. Injinia akapiga mluzi, na hapo hapo akakanyagwa kidole.

Dada akawaonyesha ubao mpana na mnene, wa kujaza upepo kwa pampu. Ukitoa upepo, alisema, unakunjwa na kuingia mkobani. Kwa anayeanza, upana ndio utulivu, kasi atajifunza baadaye akipenda. Injinia akaugonga kwa kidole. "Hili si puto hili?" Kisha akaanza hotuba juu ya ncha na kasi, mpaka wateja wengine wakasogea kumsikiliza. Mama Chanuo, aliyekuwa wima tangu alfajiri, akachoka kabisa.

"Jamani, mpeni huo anaoutaka, anyamaze!"

Muuzaji akasita. Alisema wana mbao za kujaribia. Basi wachukue mwembamba, wautumie mwisho wa wiki, ndipo waamue.

Ubao wenyewe ulikuwa mgumu na mrefu kuliko kitanda. Kwenye ngazi za jengo lao, kona ya kuelekea ghorofa ya pili, ukakwama. Juu hauendi, chini haurudi. Milango ikafunguka.

"Uinamisheni!"

"Usimamisheni!"

"Si muukate kipande?"

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu, aliyekuwa akitoka dukani na mkate, alilazimika kupita chini yake kwa kutambaa, akisalimia kila mtu njiani. Mama Chanuo alikaa kwenye ngazi, macho yakimchoma, akiona aibu kulia kwa sababu ya ubao.

Ulipokwamuliwa hatimaye na kufikishwa ziwani, mambo yakawa mabaya zaidi. Alipanda, akaanguka. Akapanda tena, ukamtupa kabla hajanyoosha magoti. Injinia alikuwa nchi kavu, mikono kiunoni. "Simama wima! Tazama mbele! Kiuno, shemeji, kiuno!"

Mama Chanuo akatoka majini, masikio yamejaa maji, akamkabidhi kasia. "Panda wewe."

"Mimi sikuja na nguo za..."

"Panda."

Akapanda na suruali yake iliyopigwa pasi. Kamba ya kufunga ubao mguuni aliikataa, akisema ni ya watoto. Kufumba na kufumbua alikuwa chini ya maji, na ubao ukaenda zake. Ikabidi watu waliokuwa kwenye mtumbwi wa kukodi waufuate. Injinia alitoka akilalamika kwamba upepo umebadilika. Siku hiyo hata jani halikutikisika.

Jumatatu Mama Chanuo alifunga saluni, akarudisha ubao dukani peke yake. "Ninaishi ghorofani. Ninataka maji yaliyotulia. Uzito wangu unaujua. Nipe ule mpana, na jaketi la kuelea."

Jumapili iliyofuata alikwenda na mumewe tu. Alipampu mpaka jasho likamtiririka. Mumewe akafungua kinywa, akamtazama usoni, akakifunga. Mama Chanuo alifunga kamba mguuni, akaanza kwa magoti kama muuzaji alivyomwelekeza, kisha akainuka, miguu ikitetemeka, mgongo umepinda kama anatafuta sindano sakafuni. Lakini alisimama. Akapiga kasia, upande huu, upande ule. Mbele kidogo akaanguka, akatema maji, akapanda tena mwenyewe. Hapo akajikuta anacheka.

Aliporudi, mumewe alikuwa ameshavua viatu.

"Mke wangu, huo hauwezi kutubeba wawili?"

"Kanunue wako," akasema. "Na usiniulize wa aina gani."

Mkoba aliubeba mume, akihema ngazi zote.