Rekta aliyeanza kutusahau

Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi ya rekta, yaani mkuu wa chuo kikuu chetu hapa mjini Baraka. Rekta alikuwa padri, na mimi ni Mwislamu, binti wa mwenye mashua. Aliponipa kazi, baadhi ya waumini wake walinung'unika. Yeye aliwajibu tu, "Nilitafuta muntu anajua kazi. Nimemupata."

Chuo kilianzia katika ukumbi wa parokia. Wanafunzi walikalia mabenchi ya kanisa, na kila Jumamosi tuliyarudisha kwa ajili ya misa ya kesho yake. Padri mwenyewe alipanda pikipiki hadi Misisi na Kilembwe kuwabembeleza wazazi wawaachie watoto waje kusoma, wasichana pia. Baadaye tukapata majengo yetu, madarasa yakajaa, naye bado alimwita kila mwanafunzi kwa jina na kumuulizia habari za kijijini kwao.

Halafu majina yakaanza kumponyoka. Nikawa namwandikia kwenye vipande vya karatasi: nani anakuja, anatoka wapi, anataka nini. Alivisoma chini ya meza kabla mgeni hajaketi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Mwaka mzima nilimfichia siri hivyo.

Siku ya kutoa diploma alisimama mbele ya wazazi, akamwita msichana wa Bibokoboko aliyeuawa huko kwao milimani mwaka uliotangulia. Misa ya kumwombea marehemu aliisoma padri mwenyewe. Alilirudia jina mara tatu huku akitabasamu, akimtafuta kwa macho katikati ya watu. Wenzake wa darasa wakaanza kulia. Nilipanda jukwaani, nikamshika mkono.

"Padri, huyu alikufa."

Aliniangalia sana. "Alikufa? Sasa mbona haukuniambia?"

Akalia mbele yetu sote kama mtu aliyepata habari saa ileile.

Wiki iliyofuata nilimwandikia askofu barua kumweleza hali ya padri. Sikutaka kuituma kwa siri, kwa hiyo nilimsomea padri mwenyewe kwanza. Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia.

"Utume, mama," akasema. "Lakini ungojee kwanza batoto bamalize mitihani."

Nikangoja. Kisha watu wa askofu walikuja wakampeleka Bukavu, kwenye nyumba ya mapadri wazee.

Nilimtembelea mara moja tu. Alikuwa msafi, amekonda, amefunikwa shuka magotini. Nilimwambia kwamba jengo la kilimo sasa limeezekwa.

"Jengo la wapi?"

Nikamsimulia yote, tangu ukumbi wa parokia. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Hao bantu balifanya kazi muzuri," akasema.

Nilishindwa kumwambia kwamba ni yeye. Bado sijui kama ingemsaidia, wala kama nilifanya vema kuandika barua ile.

Siku aliyofariki nilikuwa sokoni waliponipigia simu. Niliendelea kuchagua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa muda, kisha nikarudi nyumbani bila kununua chochote.