Disketi ya Kumi na Saba

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nibebe udongo. Nikacheka. Mimi natoka Kishapu, kwetu udongo upo wa kumwaga na hakuna aliyewahi kuniajiri kuubeba. Msimamizi wa Sampuli, mzee mwembamba tuliyemwita Mzee Ng'wandu, hakucheka.

"Unaitwa nani?"

"Kulwa."

"Doto yuko wapi?"

"Nyumbani, analima."

"Basi mwenzako ashughulike na wa juu, wewe utashughulika na wa chini. Shika mfuko."

Ilikuwa kambi ya kutafuta dhahabu, porini upande wa Geita, miaka ya tisini. Nilikuwa na darasa la saba na mdomo, na mdomo ndio ulikuwa umefaulu zaidi. Mashine ya kuchoronga ilitoboa ardhi, ikatema udongo na vipande vya mawe. Kila mita moja, mfuko mmoja. Kila mfuko tuliugawa nusu kwa nusu: nusu inapanda lori kwenda maabara, nusu inabaki stoo. Na kila mfuko ulikuwa na lebo mbili. Ya nje karatasi, ya ndani kipande cha bati laini kilichokwaruzwa namba kwa msumari.

"Kwa nini mbili, mzee? Mfuko unasahau jina lake?"

"Ya nje mchwa wanaila. Ya ndani hawaiwezi. Mfuko huu ukidondoka peke yake barabarani, atakayeuokota ajue umetoka shimo gani, mita ya ngapi. Usiuache umtegemee mwenzake kuusemea."

Niliona ni maneno ya mtu aliyekaa na magunia muda mrefu. Nikayaacha hapohapo stoo.

Chumba kimoja tu pale kambini kilikuwa na feni, na feni yenyewe haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya kompyuta. Karani wake aliitwa Kabula, binti wa Shinyanga mjini aliyesomea kupiga chapa. Siku nilipopeleka karatasi mara ya kwanza alinizuia mlangoni.

"Vua viatu. Vumbi."

Nikavua kama naingia msikitini. Ndani kulikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani. Mjiolojia akishaangalia kila mfuko aliandika kwenye karatasi: mita hii udongo mwekundu, mita hii jiwe la kijani, mita hii yale mawe meupe yanayopenda kukaa na dhahabu. Kabula aliyapiga yote yakaingia humo.

"Niulize shimo lolote," akasema.

"La thelathini na moja. Mita ya arobaini."

Akabonyeza. Kioo kikajibu: jiwe jeupe, lina kutu. Jamani, nywele zilinisimama. Mita arobaini chini, mahali ambapo hata mizizi haijawahi kufika, na hapa dada amekaa kwenye kiti, kucha kazipaka rangi, anapaona. Sikutania siku nzima. Mpishi aliuliza kama naumwa.

Mpishi huyohuyo ndiye aliyezimaliza karatasi. Zikishapigwa chapa aliwashia mkaa. Mjiolojia Mkuu, bosi wetu wote pale, alimruhusu mwenyewe. "Kompyuta imeshashika," alisema. Tukanywa chai iliyochemshwa na mashimo thelathini na kitu.

Nyie mnaotuma picha zenu hewani na kuzikuta salama hamjui bakapu ilikuwa nini. Kompyuta ilikuja na programu yake ya kuweka akiba, imo humohumo, na bosi aliiamini kwa sababu ilikuja nayo. Disketi, kwa msiozijua, ni plastiki bapa inayotosha kiganjani, na kwetu zilihitajika ishirini na tatu. Programu ilichukua kazi yote, ikaibana, ikaikata vipande kama muwa, kila disketi kipande chake. Ukiifungua moja peke yake hukuti shimo wala mita, unakuta takataka. Ilituamrisha kwa Kiingereza: weka ya kwanza, toa, weka ya pili. Jenereta ikizimika mko ya ishirini, mnarudi ya kwanza.

"Dada Kabula, hii programu ni mama mkwe. Inapokea kila kitu na haisemi asante."

"Weka ya tisa, Kulwa. Funga mdomo."

Kila Jumamosi ndiyo ilikuwa kazi yangu, kulisha disketi na kuzipeleka stoo. Sanduku la bati la kuzibebea lilitosha kumi na sita. Saba zilizobaki nilizitia mfuko wa shati, kuanzia ya kumi na saba.

Na mfuko wa shati haukuwa mtupu. Rafiki yangu mmoja, mchimbaji wa kule Segese, alinipa sumaku yake. Wachimbaji huitumia kuvuta ule mchanga mweusi ili dhahabu ibaki peke yake. Mimi niliitumia kuvuta wasichana. Sindano inatembea yenyewe juu ya meza, binti anasema "Eeh!", na mimi namwambia hivyo ndivyo moyo wangu unavyofanya nikimwona. Haikutoka mfukoni kwangu hata siku ya kufua.

Siku kompyuta ilipokufa, umeme wa jenereta uliruka, kukatoka harufu ya plastiki iliyoungua, kioo kikawa cheusi tii. Mjiolojia Mkuu alikuwa na ripoti ya kupeleka kwa wenye kampuni mwisho wa mwezi. Bila kumbukumbu za mashimo hakuna ripoti, na bila ripoti kambi inafungwa. Hakupiga kelele. Alileta kompyuta nyingine kutoka Mwanza, akasema, "Leteni bakapu."

Tukalisha. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na sita. Ya kumi na saba mashine ikakoroma, ikaandika kitu kifupi, ikagoma. Haikukubali kuiruka wala kuendelea na ya kumi na nane. Tulijaribu mpaka vidole vikauma.

"Kabula," bosi akasema taratibu, "karani ni wewe, hii uliiruka."

"Sikuiruka, mzee."

"Ijumaa kuna gari la mjini. Funga mizigo yako."

Kabula hakulia. Alichukua kitambaa, akafuta vumbi kwenye kompyuta mpya, akatoka. Mama yake mjini alikuwa anaitegemea kazi hiyo, na sote tulijua.

Jumatano bosi alinituma Shinyanga na disketi zote kwa Mama Nasim, mama wa Kihindi mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi. Walisema hakuna mashine inayomshinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka hapo."

Kompyuta yake ilizikataa zote, hata ya kwanza. Akacheka kwa hasira. "Unaona? Mfumo wangu ni mpya kuliko wenu, basi programu yake haitambui bakapu ya mwenzake. Wametoka tumbo moja na hawasalimiani!" Akachimba droo, akapata mfumo wa zamani, akaanza upya. Ikaenda vizuri. Ya kumi na saba, ikakoroma.

Akanigeukia. "Bakapu hii mmewahi kuirudisha hata siku moja? Kuijaribu tu?"

"Hapana mama. Tulikuwa tunaiweka."

"Sasa mlijuaje kama ni bakapu?"

Nikaegemea kaunta nifikiri vizuri. Kulikuwa na kisahani cha pini. Pini tatu zikaruka zikaning'inia kifuani kwangu.

Tukaziangalia wote wawili.

"Una nini mfukoni?"

"Sumaku, mama."

"Na disketi unazibeba wapi?"

Nikagusa mfuko uleule. Mama Nasim akaeleza polepole, kama anaongea na mgonjwa: disketi inaandikwa kwa nguvu ileile ya sumaku, na sumaku ikilala nayo inafuta. Ile ya kumi na saba ndiyo niliyokuwa naitanguliza mfukoni. Ililala na sumaku yangu kifuani, Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Wewe umeharibu moja," akasema. "Programu ndiyo iliyoharibu sita zilizofuata. Iache. Tumia amri ya kunakili, ile ya kawaida. Shimo moja, faili moja, disketi moja. Halafu ifungue palepale uisome kwa macho. Ikifa moja, umekosa shimo moja tu."

Hapo ndipo nikamsikia Mzee Ng'wandu: usiuache umtegemee mwenzake kuusemea. Mzee ambaye hajawahi kuvua viatu kwenye chumba kile alikuwa ameshalisema, na mimi nimeliacha kwenye magunia.

Alhamisi nikapanda lori kurudi. Njia nzima sumaku ilikuwa mkononi. Vichaka vilikuwa vingi, kuitupa ni kazi ya sekunde, na hakuna ambaye angejua. Kabula angeondoka, mimi ningebaki. Nililifikiria hilo, siwadanganyi. Nililifikiria mpaka lango la kambi.

Nikaiweka juu ya meza ya Mjiolojia Mkuu. Ikavuta kalamu yake.

"Kabula hana kosa, mzee. Ni hii. Ni yangu."

Nikaeleza yote. Akaibandua kalamu. "Unajua nikikufukuza nitafanya nini?"

"Sijui mzee."

"Nitamwita Doto. Halafu nitampekua mfukoni."

Sikujua kama nicheke. Nikasema haraka kabla sijafukuzwa, "Mzee, mashimo yaliyopotea yapo. Yapo stoo. Ile nusu."

Akasimama. Tukaenda wote, na Kabula njiani tukamchukua, begi mkononi. Mzee Ng'wandu alifungua mlango bila kuuliza. Mifuko imepangwa mpaka juu. Lebo za nje mchwa wamezila, zimebaki nyuzi. Akatia mkono ndani ya mfuko wa kwanza, akatoa bati, akalifuta kwenye suruali. Shimo la thelathini na moja, mita ya arobaini. Akamimina kiganjani, akamwagia maji. Jiwe jeupe, lina kutu.

Nilipatwa na ile hali tena, ya nywele kusimama. Kioo kiliungua, disketi zilifutika, karatasi zilipikia chai, na ardhi yenyewe imekaa gizani pale, nakala yake haijapungua hata punje, inatusubiri tuiulize upya.

Siku kumi na moja tuliosha mawe. Mjiolojia anatazama, mimi nasoma bati, Kabula anapiga chapa. Kila shimo likiisha, disketi yake, na kibati kidogo tunakibandika juu yake, namba imekwaruzwa. Halafu tunaifungua na kuisoma. Ripoti ilifika. Kambi haikufungwa. Begi la Kabula lilirudi chumbani.

Toka hapo tulitoa nakala tatu: moja kambini, moja dukani kwa Mama Nasim, moja kwa mama yangu Kishapu, ndani ya mkebe, kwenye kihenge cha mbegu.

"Ng'wanawane, mwanangu, hizi ni dawa?" aliuliza mama.

"Ni mashimo, mama."

"Mashimo ya nini unaniletea ndani?"

Lakini alizitunza. Mwanamke aliyezaa Kulwa na Doto kwa siku moja anaelewa mambo ya nakala.

Baadaye nilihamia upande wa Kahama, nikapanda mpaka kuwa Msimamizi wa Sampuli mimi mwenyewe, nikawachosha vijana kwa habari ya bati la ndani. Nilipostaafu juzijuzi nilipitia nyumbani, nikauchukua ule mkebe, nikaupeleka Shinyanga. Mama Nasim hayupo tena duniani. Nikaupeleka kwa Kabula, siku hizi Mama Shija, bibi wa wajukuu.

Tulimpa mjukuu wake disketi moja. Akaigeuza, akatafuta pa kuichomeka kwenye kompyuta yake, hakuona tundu. Mji mzima, nadhani, hakuna tundu. Yote yale, na mashine zimetuacha.

Kabula akaichukua, akavaa miwani, akasoma bati. "Thelathini na moja." Akafumba macho.

"Mita sifuri mpaka mbili, udongo mwekundu. Mbili mpaka saba, udongo mwekundu wenye changarawe. Saba mpaka kumi na sita, jiwe la kijani, laini..."

Alizitaja hivyo, hasiti. Mimi nilivua viatu. Mjukuu akadhani nimechoka.

"Kumi na sita mpaka kumi na saba," akasema Kabula, akafumbua jicho moja, "mwanamume ana sumaku mfukoni."