Bi Pampu na Shamba la Mama Mkwe

Kwenye machimbo yale madogo ya kokoto kulikuwa na watu wenye sauti kubwa na mitambo yenye sauti kubwa zaidi, lakini aliyesikilizwa na wote alikuwa Bi Pampu. Yeye ndiye aliyetawala maji. Maji ya kuoshea kokoto yakishachafuka yalishuka kwenye bwawa la kwanza yakaacha tope lake pale, yakaingia la pili yakiwa na adabu kidogo, na yalipofika la tatu yalikuwa safi vya kutosha kurudishwa juu kwa pampu kuanza kazi upya. Bi Pampu aliyazungumzia kama watoto wa shule: haya yametulia, yale bado yana fujo, msiyaharakishe. Dereva aliyethubutu kuosha lori lake kwenye bwawa la tatu alisemwa mpaka akatamani lori lisiwe lake.

Watu walidhani anaipenda pampu kupita kiasi. Ukweli ni kwamba ardhi ile ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa amekubali shamba lake lichimbwe kwa sharti kwamba kila upande ukimalizika ufukiwe na kurudishwa ukiwa unalimika. Tangu hapo alihamia nyumbani kwa mwanawe, katika chumba cha uani, na jembe lake akalisimamisha nyuma ya mlango. Swali lake lilikuwa moja tu: shamba litarudi lini, na miguu ndiyo hii inaanza kugoma? Bi Pampu, ambaye ndiye aliyemshawishi akubali, alimjibu mezani mbele ya mume na watoto kwamba litarudi, mama, na utalilima mwenyewe. Ahadi hiyo aliikumbuka kila alipokaa kula.

Basi upande wa kwanza ukaisha kuchimbwa, shimo likajazwa kifusi na mawe yasiyofaa, ikabaki kuvishwa udongo. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, ulikuwa umewekwa kando tangu mwanzo, lundo kubwa lililooteshwa nyasi ili mvua isiubebe. Hapo ndipo Bi Pampu akapata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha kuliko lilivyostahili. Mabwawa yake yalikuwa yamejaa tope na hapakuwa na pa kulitupa. Tope lilikuwa jeusi, laini, halina hata jiwe la kumpigia ndege. Kwa nini lisitangulie chini, kisha udongo mzuri ukaja juu yake? Dereva wa tingatinga, aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuwa hivyo hata siku moja, alilitandaza na kulishindilia huku akienda na kurudi mpaka likang'aa. Wakasimama kulitazama, wakapongezana. Ungedhani wamepiga sakafu ya ukumbi, na kusema kweli ndicho walichokuwa wamefanya.

Kabla lundo la udongo wa juu halijaguswa, ikaja mvua, na si mvua ya mchezo. Ilipopita, mama mkwe alivaa raba za mwanawe, akabeba jembe, akaenda kuona. Bi Pampu na Taratibu walimkuta amesimama ukingoni. Shamba zima lilikuwa maji, na bata wa jirani walikuwa wameshahamia.

"Binti," mama mkwe akasema, wala hakupandisha sauti, "mimi niliwapa shamba. Mbona mnanirudishia bwawa la nne?"

Taratibu akageukia pembeni kukohoa. Bi Pampu aliyejua kila njia ya kuyapeleka maji mbele alikuwa amesahau kwamba shambani maji hutakiwa yashuke chini, na tope lile lililoshindiliwa lilikuwa limeziba kila tundu. Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Lakini kilichomuuma zaidi ni kumwona mama mkwe akigeuka na kushika njia ya nyumbani, jembe akiliburuta nyuma yake.

Bi Pampu hakulaza damu. Alikwenda kwa meneja akasema kosa ni lake, si la Taratibu wala la mvua, akaomba tingatinga mpaka kazi iishe. Meneja, ambaye alikuwa amewaona bata kupitia dirisha la ofisi, alishindwa hata kukasirika. Alimwambia tu awahi kabla hawajataga. Maji yakavutwa kwa pampu na tope likaachwa likauke. Kisha Taratibu akashusha kucha za chuma za nyuma ya tingatinga, akaipasua ile sakafu yao, wakaichanganya na mchanga na changarawe. Safari hii hakuna aliyejipongeza. Bi Pampu alichimba vishimo hapa na pale, akamwaga ndoo ya maji katika kila kimoja, akachutama akingoja yanywewe. Palipochelewa palipasuliwa tena, Taratibu anung'unike asinung'unike. Ndipo udongo wa juu ulipoletwa, na mfereji mdogo ukakatwa pembeni kupeleka maji ya ziada mabwawani.

Mvua iliyofuata iliwakuta wote watatu, Taratibu akiwemo, wamejibanza kwenye banda la pampu, maana Bi Pampu alimbembeleza mama mkwe mpaka akakubali kuja. Mvua ilipokatika, mama mkwe alivua raba, akaingia shambani peku. Mguu ukazama kidogo, ukatoka na udongo. Akachota konzi moja, akaiminya, akafungua mkono, na udongo ukameguka vizuri.

"Na ule upande mwingine," mama mkwe akauliza, akielekeza kidevu kule walikokuwa wameanza kuchimba, "utaisha lini?"

Bi Pampu akamwambia ukweli, kwamba ni miaka, mama, na huenda ikawa mingi.

"Na atakayeufukia ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Haya, basi nitaungoja," akasema, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuokota mawe.